Tranka la Kwenda Ziwani

Kijiwe chetu hapa Kondoa mjini hakina mahali pamoja, kwa sababu kinafuata kivuli. Asubuhi benchi linakaa mbele ya duka la mbegu, saa sita linavushwa barabara na kuegemezwa ukutani kwa kinyozi, na alasiri tunalibeba tena hadi kwenye baraza langu, mimi fundi cherehani ninayeitwa Sindano, ambapo kivuli kinadumu mpaka magharibi. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Oktoba, ile Oktoba yetu ya kusubiri mvua, joto limelala juu ya mabati na vumbi laini linaelea barabarani bila hata gari kupita. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Saa kama hizo mtu anaongea huku nusu yake imesinzia, na ukiambiwa kuna ng'ombe ameonekana akiruka juu ya mlima, huulizi kama ni kweli. Unauliza alikuwa wa rangi gani.

Abubakari, muuza kahawa wetu, alikuwa ametoka msikitini, ameshaweka birika la kahawa kwenye mkaa na kupanga kashata kwenye sinia. Benchi walikuwa wamelikalia wawili. Mmoja Noeli, tunayemwita Ramani, aliyekuwa utingo wa malori miaka ishirini na hakuna mji nchi hii asioujua, pamoja na ile isiyokuwepo. Wa pili Denis, tunayemwita Profesa, kwa kuwa alifanya kazi chuoni Dodoma miaka tisa. Alikuwa mpishi.

Ndipo akavuka barabara Anselmi, fundi wa matranka ya bati, ambaye sisi tunamwita Lehemu. Mtoto yeyote wa Kondoa aliyekwenda shule ya bweni miaka thelathini hii amekalia tranka la Lehemu. Siku hiyo nyundo yake ilikuwa kimya tangu asubuhi. Akaketi pembeni yangu, akapokea kikombe, hakunywa.

— Kesho, alisema.

— Kesho nini? akauliza Abubakari.

— Klara. Basi la saa kumi na moja alfajiri.

Hilo tulilijua wote. Klara ni mwanawe wa pekee, na amemlea mwenyewe tangu mama yake, Raheli, alipofariki, Klara akiwa darasa la saba. Mwezi uliopita zilikuja habari kwamba amepata chuo, chuo cha mambo ya samaki, kule kandokando ya ziwa upande wa Mwanza. Kijiwe kizima kilisimama kushangilia. Mtoto wa Kondoa, ambaye samaki amemwona akiwa mkavu tu, ndani ya gazeti, anakwenda kusomea samaki!

— Sasa nimekuja kuwauliza, alisema Lehemu. Mzazi anamsaidiaje mtoto anayeanza chuo? Mimi niliishia darasa la saba. Huko mbele sijui kukoje.

Nami niseme ukweli: katika sisi hakuna hata mmoja aliyewahi kupeleka mtoto chuoni. Lakini jambo la namna hiyo halijawahi kutuzuia kutoa ushauri.

— Kwanza tuambie umeshafanya nini, alisema Profesa, akikunja nne.

— Nimemtengenezea tranka.

— Hilo tumeliona, Lehemu. Wiki nzima tumekaa tunaliona. Watoto wa shule wanalizunguka wakidhani ni banda la mbuzi.

— Ni kubwa kidogo, alikubali Lehemu. Unajua Klara alisoma shule ya kutwa, hapa hapa. Asubuhi anakwenda, jioni yuko nyumbani. Nimewatengenezea matranka watoto wa watu wote, wa kwangu hakuwahi kubeba hata moja. Kwa hiyo nimeweka miaka yote pamoja.

Ramani akamega kashata.

— Na ndani umeweka nini?

— Vitu vya kwenye fomu ya kujiunga. Naijua kwa kichwa, bwana, wazazi wote wanakuja nayo wakitaka vipimo. Jembe moja na mpini wake. Kwanja. Fagio la chelewa. Ndoo. Rimu mbili za karatasi.

Profesa akashusha mguu.

— Lehemu. Hiyo ni fomu ya kidato cha kwanza.

— Fomu ni fomu.

— Sikia, kaka. Nimepika chuoni miaka tisa. Wali nimepika, maharage nimepika mpaka nikayaota. Sijawahi kuona mwanachuo na jembe.

— Sasa wanafagia na nini?

— Hawafagii. Kuna watu wa kufagia.

— Hawalimi, hawafagii? Asubuhi wanafanya nini?

Profesa alitazama mbali, kule barabara inakopinda kwenda Babati, na uso wake ukalainika.

— Wanatembea, alisema. Wanatembea na vitabu. Mmoja anatoka jengo hili anakwenda jengo lile, na mwingine anatoka lile anakuja hili. Wakikutana katikati wanasimama, wanacheka. Kisha wanaendelea.

— Siku nzima? aliuliza Abubakari.

— Siku nzima, Abubakari.

Birika lilikuwa linachemka taratibu. Kila mmoja wetu alikuwa anatembea na vitabu kichwani mwake, nina hakika. Mimi nilijiona nimevaa suti.

— Fomu ya chuo chenyewe umeisoma? nikamuuliza Lehemu.

— Iko kwenye simu yake. Nilimwambia asihangaike, baba anajua.

— Basi hapo tuache mambo ya jembe, alisema Abubakari, ambaye ni mtu wa kupatanisha. Mimi naona msaada mkubwa ni simu. Kila siku umpigie. Mtoto akisikia sauti ya nyumbani anatulia.

— Mara moja kwa siku? Ramani alishtuka. Mtoto yuko Mwanza, wewe unampigia mara moja? Asubuhi na jioni!

— Na mchana je, alisema Profesa. Mchana ndiyo upweke unauma. Nimewaona mimi, wanakuja dirishani kuchukua chakula, sahani inatetemeka.

— Basi asikate kabisa, alisema Ramani. Mnaona? Simu inapigwa kesho basi likiondoka, haikatwi mpaka amalize chuo. Unaitundika pale karakana kwenye msumari. Yeye anaweka ya kwake chini ya mto. Akilala anasikia nyundo yako, ko, ko, ko. Alfajiri anasikia adhana ya hapa, halafu kengele ya kanisa, halafu Abubakari akigonganisha vikombe. Akifumbua macho anashangaa kuona ziwa dirishani, maana masikio yake yamelala Kondoa.

Aisee, jambo hilo lilikuwa zuri mno hata hakuna aliyeuliza habari ya chaji. Abubakari aligonganisha vikombe viwili polepole, kama anajaribu vitakavyosikika huko.

— Lakini nyundo nikiipiga nimekasirika atajua, alisema Lehemu.

— Ajue. Ndiyo malezi hayo.

Profesa hakuridhika. Mpishi huwa haridhiki na kitu kisicholiwa.

— Masikio sawa, alisema. Na tumbo? Huko watampa wali na samaki kila siku. Mwezi wa kwanza atafurahi. Mwezi wa pili ataanza kuota ugali wa uwele na mlenda, ataamka anatafuna shuka. Simu haitoi mlenda, Ramani.

— Atapelekewa.

— Mlenda wa kupelekewa? Ukifika Singida umeshakuwa gundi.

— Wewe hujui barabara, Profesa, ndiyo maana, alisema Ramani, akavuta benchi mbele utadhani ni usukani. Sikiliza. Lehemu anasonga ugali saa kumi na mbili jioni. Anauweka kwenye chombo cha bati alichokitengeneza mwenyewe, kimefungwa vizuri. Lori la kwanza linauchukua hapa, dereva anauweka juu ya injini. Babati anampa dereva wa pili, injini ya moto. Anampa wa tatu Singida. Pale Shinyanga namjua mtu mmoja, yeye anaupiga moto kidogo tu, hagusi. Madereva wanapokezana, hakuna anayeonja, kwa sababu kila mmoja ana mtoto mahali fulani. Saa nne asubuhi Klara anatoka darasani, anamkuta dereva getini amekishika chombo kwa mikono miwili. Anafungua. Mvuke bado unatoka.

— Kila siku? nikauliza.

— Kila siku, Sindano. Malori hayalali.

Lehemu alikuwa ametoa futi yake ya chuma mfukoni, anapima hewani ukubwa wa chombo. Nilimwonea huruma. Ni mtu asiyejua kubembeleza wala kusema mengi, akitaka kukuambia anakupenda anakupigia bati. Sasa bati lilikuwa limemwishia maneno.

Na mimi sikutaka kubaki nyuma.

— Mimi nimemshonea gauni, nikasema. La heshima, la kuvaa siku ya kwanza. Nimeacha pindo refu ndani, kama inchi nne, ili akikua aachie.

Wote wakanigeukia.

— Sindano, alisema Profesa kwa upole. Klara ana miaka ishirini.

— Najua.

— Hakui tena, ndugu yangu.

Kwa kweli sikuwa nimefikiria hivyo. Nilimshonea sare ya kwanza akiwa wa darasa la kwanza, nikaacha inchi nne, na tangu hapo kila nguo yake nimeacha inchi nne. Mkono umezoea. Nikainama nikajifanya natafuta kifungo chini ya meza.

— Pindo liache, alisema Lehemu. Mtu hawezi kujua.

Kivuli kilikuwa kimeshafika katikati ya barabara. Alipita mama mmoja na ndoo ya maji kichwani, akitoka kuchota kwenye visima vya mchangani, na macho yetu yakaifuata ile ndoo hadi ilipopotelea kwenye kona. Nadhani ndiyo iliyomletea Profesa wazo lake.

— Lakini jamani, alisema, kuna jambo hatujalitaja. Maji.

— Maji yapo huko, alisema Abubakari. Ni ziwa.

— Ndiyo nasema! Mtoto amekulia hapa. Maji yakizidi ndoo mbili yeye anaita mafuriko. Anakwenda mahali maji hayana mwisho. Asubuhi anafungua mlango, maji. Anafunga, anafungua wa nyuma, maji.

— Mbona Haubi kuna ziwa, alisema Lehemu. Nilimpeleka akiwa mdogo.

— Haubi! alicheka Ramani. Haubi ni sahani, kaka. Lile la kule mimi nimeliona. Unasimama ukingoni unatafuta upande wa pili, huoni. Unamuuliza mtu, upande wa pili uko wapi? Anakwambia, Uganda. Unapiga kelele leo, jibu linakuja Jumatano.

— Anajua kuogelea? aliuliza Profesa.

— Kuogelea wapi? alisema Lehemu. Kwenye ndoo?

— Basi tranka lielee.

Hapo nilitegemea tucheke. Hakuna aliyecheka. Lehemu alikuwa ametazama chini, na sauti ilipomtoka ilikuwa ya mtu anayekiri.

— Linaelea, alisema. Nimelipiga lehemu maungio yote, ndani na nje. Juzi nililijaza maji usiku kucha, ndoo ishirini, jirani akanigombeza. Halikuvuja hata tone. Kama maji hayatoki, hayaingii.

— Lehemu!

— Sasa ningefanyaje? Ndiyo kazi ninayoijua.

— Ulifanya vizuri sana, alisema Ramani, na sasa alikuwa amefumba macho kabisa. Tuondoe hilo jembe, tubakize mpini, uwe kasia. Bwenini kukiwa na kelele Klara analisukuma tranka majini, analala humo. Samaki wanakuja wenyewe kumtazama. Wenzake wanawasoma kwenye vitabu, yeye wanamsalimia. Huyu wa mapezi mekundu, huyu mwenye mistari, huyu mkubwa mwenye haya. Siku ya mtihani mwalimu anauliza, samaki fulani anakula nini? Klara anajibu, ngoja nimuulize.

Upepo mdogo ulikuja, ukanyanyua vumbi, ukaliacha. Abubakari alikuwa ameshika birika hewani bila kumimina. Mimi nililiona lile tranka kabisa, limetulia juu ya maji meupe, na jina la Klara limeandikwa kwa rangi ya bluu ubavuni kama Lehemu anavyoandika majina ya watoto wote. Nilitamani jambo hilo liwe kweli. Nilitamani kuliko nilivyotamani kitu chochote mwaka huo.

— Na akiugua humo ndani? alisema Lehemu.

Abubakari akalirudisha birika kwenye mkaa.

— Usiku, yuko peke yake, homa imempanda, Lehemu aliendelea. Nani anamkanda? Simu haikandi mtu. Dereva hamkandi.

— Basi nenda naye, alisema Profesa. Ujiandikishe chuo. Unakaa benchi la nyuma kabisa, humsemeshi, umevaa kofia.

— Darasa la saba?

— Nani atakuuliza? Mtu mzima akikaa nyuma na kofia wanadhani ametoka wizarani.

— Nauli ya watu wawili, karakana nimfungie nani...

— Usilipe, alisema Ramani, bado amefumba macho. Ingia ndani ya tranka. Mzigo hauulizwi tiketi. Unakunja magoti, Klara anafunga kifuniko, wapagazi wanakupandisha. Unasafiri gizani unasikia magurudumu. Ukifika unakaa humo humo chini ya kitanda chake. Mchana umelala. Akirudi kutoka darasani anakugongea, ngo, ngo. Baba, leo tumesoma mamba. Unamjibu, vizuri mwanangu. Miaka mitatu.

Hili lilikuwa la mwisho, juu yake hakuna. Tulikaa tumelitazama. Tranka lenyewe lilikuwa ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa karakana, linang'aa.

— Nimeshajaribu, alisema Lehemu.

Ramani alifumbua macho.

— Jumapili, baada ya misa. Alikuwa amekwenda kusuka nywele. Nikaingia, nikajilaza. Magoti yanagusa, lakini ukilala ubavu unaenea. Nikashusha kifuniko kidogo. Nikapitiwa na usingizi, jamani. Nikaota mvua inanyesha, mvua kubwa, na mimi sina wasiwasi wowote kwa sababu tuko wote ndani.

Alikunywa kahawa yake kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeshapoa.

— Nilipoamka nikaogopa, alisema. Sijawahi kuogopa hivyo. Ndiyo maana leo sijakaa nyumbani. Ananiangalia, namwangalia, sina la kumwambia. Mtoto anakwenda mahali ambapo sina kitu cha kumpa.

Abubakari alimwekea mkono begani, kisha akauondoa, kwa sababu sisi si watu wa kushikana. Ndipo tukasikia ndara zikija barabarani.

Alikuwa Klara mwenyewe. Wasichana hawaji kijiweni kwetu, si kwamba tunawakataza, hawaji tu, hivyo wote tukakaa vizuri na Ramani akafuta makombo ya kashata kifuani. Nywele zake zilikuwa mpya, mistari imenyooka. Kiunoni alikuwa amejifunga khanga na mkononi alikuwa na mwiko wenye unga.

— Shikamooni.

— Marahaba, Klara. Marahaba, mwanachuo!

Hakutabasamu. Alisimama mbele ya baba yake.

— Baba, nimekutafuta. Nimekwenda karakana, nimekwenda kwa kinyozi.

— Nilikuwa hapa na wenzangu, alisema Lehemu. Tunapanga mambo yako. Usiwe na wasiwasi, kila kitu...

— Baba, mimi nina swali moja.

— Uliza, mwanangu.

— Kuanzia kesho utakula na nani?

Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza saa ngapi. Lehemu akairudisha futi yake mfukoni. Akamtazama Profesa. Profesa, aliyelisha watu mia nne kwa siku, akatazama miguu yake. Abubakari akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Ramani alikuwa anaijua njia ya kila lori kutoka hapa hadi Bukoba, na njia ya kutoka kwake hadi kwa Lehemu ni nyumba nane. Mimi ni nyumba tano. Tangu tulipomzika Raheli tumekaa benchi moja na mtu huyu kila siku, ikifika magharibi kila mmoja anakwenda kwa mke na watoto wake, na sikumbuki hata mara moja nikimwambia, Anselmi, twende ukale kwangu. Niliona aibu, aibu ya kweli, inayochoma masikio.

— Sijui, Klara, alisema Lehemu mwishowe.

— Nami sijui, alisema Klara, na hapo sauti yake ikayumba. Hilo ndilo linalonizuia kulala. Chuo sikiogopi. Nimeongea na wenzangu kwenye simu, tuko wanne chumba kimoja, mmoja anatoka Kongwa. Jembe nimelitoa. Lakini wewe hujui hata chumvi inakaa wapi.

— Inakaa kwenye kopo.

— Kopo gani?

Lehemu hakujua kopo gani. Akasimama, wakaanza kuondoka wote wawili, yeye mbele na mwanawe nyuma. Walikuwa wamefika katikati ya barabara Profesa alipoinuka kwa kishindo, kikombe kikaanguka, nasi tukainuka.

— Klara! aliita. Anakula chumvi kiasi gani?

Klara akageuka. Alitutazama mmoja mmoja, watu wazima wanne tumesimama kama tunasubiri kuitwa majina. Kisha akarudi, akavuta khanga yake vizuri, akaketi kwenye benchi letu katikati, pale anapokaaga Ramani.

— Kidogo, alisema. Presha ilimpanda mwezi wa pili, hakuwaambia. Mafuta pia kidogo. Mlenda anapenda uwe na karanga. Nyama muikate ndogo, ana jino upande wa kushoto linamsumbua, hilo nalo hajawaambia. Na hali peke yake. Ukimwekea akiwa peke yake anakula matonge mawili anasema ameshiba. Lazima mtu akae, ale naye. Hata kama hamwongei. Sisi huwa hatuongei.

— Jumatatu kwangu, alisema Profesa.

— Jumanne na Alhamisi kwangu, nikasema mimi, nikashika chaki nikaandika juu ya meza ya cherehani, maana kichwa changu sikiamini.

— Ijumaa kwangu, alisema Abubakari. Pilau.

— Mafuta kidogo, baba mdogo.

— Pilau ya mafuta kidogo, alikubali Abubakari, ingawa iliuma.

— Jumatano, Jumamosi, alisema Ramani, na Jumapili nampitia tukitoka misa. Na asubuhi je? Asubuhi anakunywa nini?

Lehemu wakati wote huo alikuwa amesimama katikati ya barabara, ametugeuzia mgongo, anajifanya anakagua kucha zake. Sasa akageuka.

— Asubuhi uji, alisema. Hilo msihangaike, uji nitakoroga mwenyewe. Uji naupenda.

— Huupendi, Baba, alisema Klara.

— Naupenda. Kila siku nakunywa bakuli zima.

— Huupendi. Unakunywa kwa sababu nimeupika mimi.

Lehemu alimwangalia binti yake kwa muda mrefu. Pikipiki ilipita nyuma yake ikipiga honi, hakusogea.

— Umejua lini? alimuuliza.

— Nikiwa darasa la saba, alisema Klara. Wiki ile ile ya kwanza.